Mdhamini wa Ukingoni

Asubuhi ile nilikuwa nafua soksi nyeupe za ngonjera kwenye beseni, nje, jua likiwa bado halijapata nguvu. Ukichelewa kidogo tu hukai nje tena. Nilizifikicha kisigino mpaka vidole vikauma. Hazikuwa chafu kihivyo. Ni kwamba nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa lazima mikono ipate kazi.

Nilikuwa naogopa jukwaa. Wakati ule nilidhani hakuna kitu kibaya duniani kama kusimama mbele za watu wakuangalie.

"Emi!" Mama akaita kutoka chumba baridi. "Acha hizo soksi, utazitoboa. Njoo nikuvalishe."

Nikaingia haraka na kufunga mlango nyuma yangu, maana mlango wa chumba baridi hauachwi wazi. Cha kwetu ni kama vya wengine wote hapa Mto wa Mbu: kijumba ndani ya nyumba, kuta nene kama godoro, hakina dirisha. Bomba linapita kwenye dari, ndilo linaloleta ubaridi, na ndilo linaloleta hewa. Juu ya mlango kuna taa. Ikiwa ya bluu, bomba linapita. Ikiwa nyekundu limefungwa, toka humo upesi. Mchana king'ora cha joto kikilia, mji mzima unajifungia kwenye hivyo vijumba na kulala mpaka jioni. Nje hakubaki hata kuku.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto kifuani. Mtoto mwenyewe hajapata hata jina. Kazaliwa wiki hii hii, mwepesi kama mkate, na analia kama paka. Tangu amzae Mama hajalala, macho yamemwingia ndani.

"Leta mkono."

Akavua bangili yake ya udhamini akanivalisha. Ilikuwa bado na joto la mwili wake. Ikalia kidogo, ti, ikanibana.

"Mama, mimi siwezi. Kwani hawawezi kungoja utoke arobaini?"

"Siku ya Ahadi haingoji uzazi wa mtu. Unasimama tu nyuma ya meneja wa loji. Shahidi atauliza, 'Mdhamini, ahadi imetimizwa?' Utasema, 'Imetimizwa.' Basi, umemaliza. Hata na aibu zako hizo, neno moja litakushinda?"

"Na kama haijatimizwa?"

Mama akacheka kidogo, akamtazama mtoto. "Unamsikia dada yako? Wakili huyo." Halafu akaniambia, "Kama haijatimizwa unamfuata mtu pembeni. Kwenye kikundi chetu ndiyo tunavyofanya. Mdhamini hamuumbui mtu hadharani. Unakwenda kwake alfajiri, unabisha hodi, unamwambia, 'Ndugu yangu, umeniweka pabaya.' Mtu mwenye haya akiambiwa hivyo anajirekebisha."

Hivyo ndivyo Mama alivyouelewa udhamini. Kwenye kikundi chao akina mama wanadhaminiana miaka nenda rudi, na sijawahi kusikia mtu kavunjiwa mlango. Kwa hiyo Loji ya Ukingoni walipokuja mtaani kutafuta mdhamini, Mama akaweka kidole gumba na kuwapikia chai juu. Na siku uchungu ulipomshika, gari lililomkimbiza hospitali lilikuwa la loji, meneja mwenyewe kwenye usukani. Sasa mtu kama huyo utamwambia nini?

"Nenda, mwanangu. Nalala naye huyu, labda leo atanihurumia." Akapiga miayo. "Simu naiziba mdomo asishtuke."

Nikamgusa mtoto utosini, pale panapodunda. Nikaenda.

*

Watu wa mbali wanadhani Shahidi ni mtu. Shahidi ni mashine.

Zamani, kabla sijazaliwa, mahoteli na makampuni ya utalii yalikuwa yanasaini ahadi. Tutapunguza moshi, tutaacha dizeli, tutapanda miti. Wanapiga picha, wanapeana mikono, wanatundika cheti pale mapokezi. Mwaka unapita, hakuna anayeuliza. Halafu kikaja Kiangazi Kirefu, watu wakaanguka hapa bondeni mpaka wazikaji wakakosekana, ndipo wakubwa wakasema ahadi isiyo na mdhamini ni upepo tu. Wakatengeneza Shahidi.

Pua zake ni vile visanduku vya kijivu juu ya nguzo, kila kitongoji kina chake, vinanusa moshi kutwa kucha. Na bonde zima lina kapu moja la moshi, kiasi ambacho wote kwa pamoja hawatakiwi kukivuka. Moshi ukizidi mahali, baridi inakatwa palepale ulipozidi, ili jumla isivuke. Shahidi hajui sura ya mtu, anajua harufu imetokea wapi. Kwa hiyo kila shirika lililoahidi linatakiwa kuwa na binadamu wa kulisemea, anayeishi chini yake, mtu wa hapa hapa, siyo wa makao makuu. Mara moja kwa mwaka binadamu huyo anaulizwa mbele ya watu. Akikubali, shirika linaendelea. Akikana, linafungwa siku hiyo hiyo.

Lakini na yeye mdhamini anafungiwa baridi ya kwake mpaka kikao cha kumsikiliza kikae. Waliotunga sheria hiyo waliogopa watu watakana kwa chuki. Wakasema, unayetaka kumchoma mwenzio, shika kaa wewe kwanza. Kwenye somo la uraia tulifundishwa kwamba hiyo ni haki. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapata vema.

*

Kwenye basi la shule nilikaa na Zulfa, rafiki yangu. Hatuongei sana, ndiyo maana tunapatana. Kwao ni Majengo, kitongoji kilicho chini kabisa ya genge ilikojengwa loji.

"Taa yenu bado nyekundu?" nikamuuliza.

"Bado."

Sauti ikatoka viti vya nyuma. "Si waache kuchoma mkaa! Mama Zulfa anakaanga samaki kimyakimya."

"Samaki wa ziwa gani, we chizi?" Zulfa akajibu bila kugeuka. "Ziwa limebaki chumvi. Njoo nikukaange wewe."

Basi zima likacheka. Yeye hakucheka. Akaniinamia sikioni.

"Emi, mkaa wenyewe nimeuona kwenye kitabu tu. Lakini pua ya Majengo inasema kuna moshi, kila siku, na hakuna mtu anayetuamini. Babu ndiyo tumemzika. Mama na wadogo zangu wanashinda chini ya daraja, kwenye tope, wamejifunika kanga zilizolowa. Na leo wametangaza king'ora cha juu kabisa. Yule mdogo kaacha kulia. Mama anasema ni nafuu. Mimi sipendi."

Nilitaka kumwambia, waje kwetu. Lakini chumba chetu kinatosha watu wawili wakikunja miguu, na kuna mtoto. Basi nikanyamaza. Kunyamaza nakuweza sana.

*

Loji ya Ukingoni iko juu kabisa ya genge, kuta zake za kioo. Wageni wanalala humo wakiangalia bonde lilivyokauka, wanapiga picha chumvi inavyong'aa. Ukiingia ukumbini, baridi inakupiga usoni mpaka meno yanauma. Niliona mgeni kavaa sweta. Sweta!

Kwenye ukuta wa mbele kulikuwa na ubao mkubwa wenye ramani ya bonde, kila chumba baridi ni kitone kimoja. Vitone vya bluu vimetapakaa kama mtama. Majengo peke yake ilikuwa nyekundu, kama jeraha.

Madam Gwandu, mwalimu wetu wa ngonjera, akatupanga kwenye mistari. "Vifua mbele! Emiliana, wewe ukimaliza beti zako unapanda kwa meneja, sawa? Mbona unatetemeka? Wanakula watu hawa?"

"Madam, naomba kwenda msalani."

"Kimbia."

Sikwenda msalani. Nilikuwa nataka kutapika, na nilitaka nitapike mahali ambapo hakuna mtu. Nikapita jikoni, nikapita mahali wanapoanika mashuka, nikajikuta nyuma kabisa, kwenye ukingo wenyewe, mahali ambapo genge linakatika. Nikainama. Na nilipoinama nikasikia miguu yangu inatetemeka tofauti na mimi mwenyewe.

Ardhi ndiyo iliyokuwa inatetemeka.

Kulikuwa na mfuniko wa chuma umefunikwa majani bandia. Niliuwekea sikio. Ndani kulikuwa na kitu kinanguruma, kizito, hakipumziki. Na harufu. Sijawahi kunusa dizeli maishani mwangu, lakini babu zetu wameisimulia sana, nikaijua palepale, kama unavyolijua jina la mtu aliyekufa kabla hujazaliwa.

Kutoka kwenye mfuniko lilitoka bomba, nene kama paja langu, limepakwa rangi ya mwamba. Nikalifuata kwa macho. Linafika ukingoni, linashuka na genge, chini, chini, limebanwa na vyuma, linaingia kwenye korongo. Mwisho wa korongo kulikuwa na mapaa meupe.

Majengo.

Nilikuwa na simu mkononi. Naapa nilikuwa nayo. Ningepiga picha. Ningempigia Mama mpaka aamke, nikamwambia toka humo, beba mtoto, nenda popote. Nilikuwa na muda wote huo. Lakini nilimfikiria Mama akisema, mdhamini hamuumbui mtu hadharani. Nikajifuta mdomo, nikashusha sketi vizuri, nikaenda kumbishia hodi meneja.

*

"Shikamoo."

"Marahaba! Ah, binti wa Mama Emi! Karibu, karibu." Meneja Elingaya ni mtu mnene, mchangamfu, anacheka na mabega. Akanimiminia juisi ya ukwaju yenye barafu. "Mtoto hajambo? Anakula? Yule nilimsikia akilia kabla hata daktari hajamsikia, unajua? Mimi ni kama baba yake mdogo."

"Hajambo." Glasi sikuionja. Nikaiweka chini. Nikasema yale maneno kama Mama alivyoyasema, nikiangalia zulia. "Mzee, nimekuja kama mdhamini. Nimeona bomba. Umetuweka pabaya."

Nilidhani amekasirika. Nilipoinua macho niliona ameketi, mabega yameshuka.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi tu."

"Umepiga picha?"

"Hapana. Nimekuja kwanza kwako."

"Umelelewa vizuri," akasema polepole, na nadhani alimaanisha. "Sikiliza, mwanangu. Unadhani napenda? Paneli haziwatoshi wageni joto likifika huku. Mgeni akitoka jasho usiku mmoja tu anahama, anawaambia wenzake, na loji inakufa. Loji ikifa, huko bondeni watakula nini? Chumvi?"

"Lakini Majengo wanakufa. Babu yake Zulfa..."

"Najua." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Baada ya sherehe nitalizima hilo dude la dizeli. Nakuahidi."

Nilitaka sana kumwamini. Alikuwa anaonekana kama mtu aliyechoka, siyo kama mtu mbaya.

"Leo leo?"

"Leo leo. Lakini ukilisema pale mbele," akashusha sauti, "unajua taa ya nani inabadilika kwanza. Mimi nitatafuta kazi kwingine. Mama yako je, na kichanga? Na king'ora kinakaribia? Sikutishii, mama. Nakukumbusha tu."

Akanyanyuka, akanifungulia mlango kwa adabu kabisa, akamwita mhudumu. "Kusanya simu za wanafunzi wote uweke kwenye kapu. Wawe na heshima, hii ni sherehe." Akaninyooshea mkono, kiganja juu. "Na hiyo yako, binti."

Nikampa.

Sijui kwa nini nilimpa. Ni mtu mzima, kanyoosha mkono, nikampa. Ikaenda na kapu, na ndipo nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimemwamsha mwizi kistaarabu ili ajifiche vizuri.

*

Tukasoma ngonjera. Mdomo wangu ulikuwa unafunguka wenyewe.

*Hoteli tumejikaza, moshi hatutoi tena,*
*Mgeni tutampoza, kwa upepo wa mchana.*

Wageni wakapiga makofi. Wakurugenzi wa mashirika mengine wakapanda mmoja mmoja kusoma ahadi zao, hawa wa mahema, hawa wa baluni za kuangalia bonde, na wadhamini wao wamevaa vitenge vipya, wanasema "imetimizwa" kama wanaitikia sala. Imetimizwa. Imetimizwa. Makofi. Sikujua tena nani kati yao ana bomba nyuma ya nyumba.

Halafu tukaitwa sisi.

Nikapanda. Taa za jukwaa zilikuwa kali hadi sioni nyuso, naona tu soksi za wenzangu mstari wa mbele. Zulfa alikuwa wa mwisho kulia. Nilimjua kwa alivyosimama.

Sauti ya Shahidi ikatoka darini. Siyo ya mwanamke wala ya mwanaume. Ni ya upole, na upole wake unatisha, kwa sababu hauishi.

"Mdhamini wa Loji ya Ukingoni. Anayekaimu, Emiliana Margwe. Ahadi imetimizwa?"

Sikujibu.

Kuna kitu sijasema. Shahidi anauliza mara tatu, na ukikaa kimya mara zote tatu, kimya kinahesabiwa ndiyo. Kama msichana anapoletewa posa, akiinamisha kichwa wazee wanasema, amekubali huyo. Kwa hiyo sikutakiwa hata kusema uongo. Nilitakiwa tu niwe mimi. Niinamishe kichwa kama ninavyofanya kila siku, darasani, dukani, kila mahali, na kila kitu kingebaki kilivyo.

Nikamwona Mama amelala. Nilimwona kabisa, ubavu, mkono juu ya mtoto, mdomo wazi kidogo. Chumba kimezibwa. Taa ya bluu juu ya mlango. Ningefungua mdomo, ile taa ingegeuka, na yeye usingizini asingejua. Ubaridi ungekatika kwanza, halafu hewa. Majirani nao wamejifungia kwenye vijumba vyao, hata mtu akipiga ukuta hawasikii. Mama ana usingizi wa mtu asiyelala wiki nzima.

"Ahadi imetimizwa?" Mara ya pili.

Meneja alikuwa ananiangalia kwa upande. Akanikonyeza kidogo, kama baba mdogo. Baada ya sherehe atalizima, amesema. Na kama asipolizima? Na kama akilizima kesho? Leo ndiyo leo king'ora cha juu. Yule mdogo wake Zulfa kaacha kulia.

Niliwapima. Mungu anisamehe, niliwaweka kwenye mizani, wa kwetu huku, wa Majengo kule. Wa kwetu ni wawili. Majengo sijui ni wangapi, sikuwahi kuwahesabu, na ndipo nikaona ubaya wangu: wa kwetu nawajua harufu ya shingo, wa kule nawajua kwa vitone. Lakini moshi ule unatoka chini ya kidole cha Mama yangu. Kila siku waliyokatiwa, ni kwa jina letu.



"Ahadi imetimizwa?" Mara ya tatu.

"Hapana," nikasema.

Haikusikika. Ilikuwa kama pumzi. Nikasikia mtu kule nyuma anacheka, "Sema kwa sauti, bibi harusi!" Nikakohoa. Nikapiga kelele, na sauti iliyotoka sikuijua.

"Haijatimizwa! Kuna injini ya dizeli nyuma ya jiko! Moshi wanaushusha Majengo kwa bomba!"

*

Mahali fulani ndani ya kuta, kitu kikashusha pumzi, hmmmm, kikanyamaza. Baridi ya ukumbi ilikuwa imekatwa.

"Kukana kumepokelewa," Shahidi akasema. "Loji ya Ukingoni imefungwa. Mgao wa Majengo umerejeshwa."

Kwenye ubao vitone vya Majengo vikaanza kugeuka. Kimoja, kingine, halafu vyote kwa pamoja, bluu, bluu, kama mvua inavyoshika bati. Zulfa akapiga yowe, akakaa chini palepale na soksi zake nyeupe, akaficha uso magotini.

Mimi sikuwa naangalia Majengo. Nilikuwa naangalia upande wa pili, kitongoji chetu cha Migungani. Pale katikati ya bluu kikawaka kitone kimoja chekundu.

"Fungua ya kwetu!" nikamwambia dari. "Shahidi, kuna mtoto mchanga mle ndani! Wamelala!"

"Ombi limepokelewa. Kikao kitakaa kesho asubuhi."

"Watakufa!"

"Ombi limepokelewa."

Nikamshika meneja kwenye mkono wa koti. Sikuwahi kumshika mtu mzima hivyo. "Gari. Naomba gari. Kama siku ile."

Alikuwa ameshapauka. Hakuwa hata na hasira. "Gari lipo kwa jina la loji," akasema. "Loji imefungwa. Haliwaki, Emi." Akaangalia kile kitone. "Mbona hukunisubiri? Ningelizima. Haki ya Mungu ningelizima." Na mpaka sasa sijui.

Nje king'ora kikaanza. Kile cha juu kabisa, kinachopanda hakishuki. Nikakimbilia mlango wa mbele na kuukuta umejifunga, kwa sababu kikilia hicho milango yote ya nje ya mahoteli inajifunga yenyewe, ni kwa usalama wetu. Nikaugonga kwa ngumi. Kioo kilikuwa tayari cha moto. Kupitia kioo hicho niliona barabara inayoshuka gengeni, inameremeta, haina mtu.

Madam Gwandu alikuwa nyuma yangu, anasema jina langu tu, Emiliana, Emiliana, kama hana neno lingine.

Zulfa akaja na kapu la simu, amelikumbatia, alikuwa kalipora jikoni. Akanipa yangu. Yake alikuwa nayo sikioni tayari.

"Mama! Mmeingia ndani? ... Ndiyo, ni bluu, ni kweli. Mama, nisikilize. Waache wadogo humo wewe utoke." Akasikiliza. Machozi yalikuwa yanamtoka ila sauti imenyooka. "Najua kuna king'ora. Nenda Migungani kwa kina Emi. Kwao kumefungwa kwa ajili yetu. Ni Emi aliyesema, Mama. Gonga. Vunja mlango."

Niliweka sikio karibu na lake. Kule upande wa pili palikuwa na vishindo, mtoto mmoja analia kwa nguvu, halafu sauti ya Mama Zulfa, ya taratibu, kama mtu anayefikiria njia.

"Migungani ni mbali na hili jua. Haya. Niloweshee hiyo kanga, we Mwajuma. Na ile nyingine. Zulfa, mwambie huyo mtoto nakwenda."

Simu ikakatika.

Kwa hiyo sasa kwenye mizani yangu wapo watatu: Mama, mtoto, na Mama Zulfa.

Nikampigia Mama. Ikaita hadi mwisho. Nikapiga tena, ikaita hadi mwisho. Wageni walikuwa wanavua masweta, mmoja analia kwa lugha yake. Hewa ya ukumbi ilikuwa inaanza kuwa nzito, na huu ni ukumbi mkubwa wenye dari ya juu. Nikafikiria kijumba kisicho na dirisha. Nikajizuia kufikiria.

Niliandika nikafuta, nikaandika.

*Mama amka. Toka humo ndani sasa hivi na mtoto. Taa ni nyekundu, ni mimi nimesema. Mama Zulfa anakuja, mfungulie. Mama ukiona hii nijibu hata herufi moja.*

Nikatuma. Ikaondoka. Chini yake pakaandikwa, *umefika*.

Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye kioo cha moto, nikaishika simu kwa mikono miwili, nikingoja lile neno ligeuke liwe *umesomwa*.

*Umefika.*

*Umefika.*